Mstari wa Tisa, Nafasi ya Ishirini na Mbili

3 Februari

Mwanangu,

Uko mzima huko? Sisi huku tunahema. Baba yako mdogo mguu bado unamsumbua, ila mdomo haujaguswa na ugonjwa wowote, kwa hiyo nyumba haijapoa. Mdogo wako amekuwa wa pili darasani, na tangu siku hiyo anatembea humu ndani kama mkaguzi. Mimi nimeinamia cherehani. Shule zimefunguliwa, na wazazi wote wamekumbuka siku moja kwamba watoto huwa wanarefuka.

Najua utasema, mama mdogo, si ungepiga simu? Kwenye simu wewe husema "ndiyo, mama", "sawa, mama", halafu mtandao unakatika, na sijui kama ni mtandao au ni wewe. Ukiandika, walau unasema kitu.

Sasa jambo lenyewe. Jana nimepata barua ya manispaa, ya kuchapwa, yenye muhuri. Inasema marehemu dada yangu ametolewa makaburi ya zamani, kaburi namba 417, na sasa yuko makaburi mapya, mstari wa tisa, nafasi ya ishirini na mbili. Nimeisoma nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena. Tangu watangaze kwamba barabara mpya itapita pale sikuwa na raha. Nilikuwa najiambia, hawa watamsahau mama wa watu, watapitisha magari juu yake, na hakuna atakayejua. Kumbe wamemkumbuka. Halafu nikaona chini, imeandaliwa na kitengo chenu! Nikamwambia baba yako mdogo, "Unaona? Mtoto wake mwenyewe ndiye aliyemtafutia mahali." Alikuwa anapuliza chai, akaacha kupuliza.

Nenda ukapaone kwa ajili yangu. Uniambie kama maji hutuama, na majirani zake ni akina nani. Wewe ukifunga mlango lazima urudi kuusukuma mara mbili. Sikukuita Hakikisha bure. Shule zikifungwa mwezi wa nne nitakuja mwenyewe na jiwe. Nimeshamwona fundi.

Na uniambie kazi yako ni nini hasa. Watu wakiniuliza nasema "kompyuta". Wanatikisa vichwa, nami natikisa cha kwangu.

Ni mimi, mama yako mdogo


19 Februari

Mama,

Nakuamkia. Nimefurahi kusikia kwamba wote mnaendelea, na kwamba mguu wa baba mdogo haujamzuia kuzungumza. Mpe hongera mkaguzi. Mimi ni mzima. Chumba changu bado ni kilekile, nyuma ya duka la vioo. Mvua imeanza, na paa linavuja mahali pamoja tu, juu ya ndoo, kwa hiyo si tatizo. Barua yako ilichukua wiki mbili kunifikia. Nadhani na hii itachukua muda huohuo; posta ndivyo ilivyo.

Umeuliza kazi yangu. Nitajaribu kueleza.

Ofisini tuna karatasi mbili ndani ya kompyuta. Ya kwanza ni ya makaburi ya zamani: namba ya kaburi, jina la marehemu, jina la ndugu na anuani yake. Ya pili ililetwa na nyapara wa wale waliochimba na kuhamisha: namba ileile ya kaburi la zamani, halafu mstari na nafasi kule kupya. Karatasi ya kwanza inamjua ndugu lakini haijui mahali. Ya pili inajua mahali lakini haimjui ndugu. Kazi yangu ni kuzikutanisha.

Kuzisoma moja moja ningezeekea pale. Badala yake niliandika fomula. Fomula inachukua namba kutoka karatasi ya kwanza, inakwenda kuitafuta kwenye karatasi ya pili, ikiikuta inasoma kilichoandikwa pembeni yake na kurudi nacho. Unaiandika mara moja tu, kwenye mstari wa juu, kisha unaiburuta hadi chini, na majibu yanajaa yenyewe. Yalijaa yote. Hakukuwa na pengo hata moja.

Kabla ya kuchapa barua nilimtafuta mama. Sikuangalia wengine. Niliona mstari wa tisa, nafasi ya ishirini na mbili, nikajiambia kama mama yupo, basi wote wapo. Bosi alipita nyuma yangu akasema, "Wewe kijana una mkono." Hajawahi kumwambia mtu hivyo. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, na nilifikiri labda ataukumbuka mkono huo.

Sijaenda bado kupaona. Njia ya kule ina tope. Nitakwenda.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu Hakikisha,

Salamu kutoka kwa wote. Baba yako mdogo amepewa fimbo ya kutembelea na daktari, sasa anaitumia kunyooshea vitu anavyotaka aletewe. Mdogo wako jino limeng'oka, amekuwa mkaguzi kibogoyo.

Nimesoma maelezo yako mara tatu, na nimeelewa. Hiyo fomula yako ni mshenga! Anatoka kwa huyu, anakwenda kwa yule, anarudi na jibu. Nimemweleza mteja mmoja hapa, akasema basi mshenga huyo ana kazi nyepesi, maana hao anaowaposea hawakatai. Tulicheka mpaka nikajichoma sindano.

Jiwe limekamilika. Si kubwa. Fundi aliniuliza jina, nikamwambia andika DADA NA MAMA, basi. Anayemjua atajua. Nimelivingirisha blanketi, lipo chini ya meza ya kukatia nguo, na kila nikinyoosha miguu naligusa.

Lakini hujaniambia umepaonaje. Tope gani la mwezi mzima? Wewe ndiye uliye karibu naye. Mimi nikiwa huku namuwaza yeye na hao majirani zake wapya ambao hakuwachagua. Alikuwa hapendi kuchanganywa na watu. Hata kulala chumba kimoja na mimi alikuwa anaweka mto katikati.

Nenda, mwanangu. Ukapaone, uniandikie.

Mama yako mdogo


2 Aprili

Mama,

Nakuamkia. Nisamehe kwa kuchelewa. Poleni na fimbo. Paa sasa linavuja mahali pawili. Mwenye nyumba alikuja akatazama juu, akasema, "Linavuja kweli," akaondoka. Ofisini printa imekufa, na sasa tunachapia chumba cha pili, ambako lazima uombe kila mara. Feni ya juu ya meza yangu imeanza kutoa sauti kama mtu anayehesabu kwa kunong'ona. Nimeizoea.

Nikueleze jambo moja la kazini. Alikuja mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori. Alisimama dirishani na barua yetu mkononi. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, nimemkuta mke wangu na wageni."

Sikumwelewa. Nilimwambia, "Samahani, mzee?"

"Nimekwenda kumwona mke wangu mahali mlipoandika. Nimekuta watu wanapalilia pale, wanalia. Nikawauliza mnamlilia nani. Wakasema baba yao. Nikawaambia mnakosea, huyu ni mke wangu. Wakanionyesha barua. Barua ni yenu, na mahali ni palepale."

Nikamwomba akae. Akasema amekaa garini miaka yote, atasimama.

Nilipomaliza naye nilifungua faili, nikaiona shida. Ile fomula huulizwa mambo manne: namba gani itafutwe, itafutwe wapi, jibu lisomwe safu ipi, na la mwisho, kama unataka namba yenyewe kabisa au hata ya karibu inatosha. Hilo la mwisho sikuliandika. Ukiliacha wazi, kompyuta haikuulizi. Inachukulia kwamba ya karibu inatosha. Kwa hiyo namba ikiwepo, inakuletea yenyewe. Isipokuwepo, haisemi haipo. Inakuletea ya jirani wa nyuma yake, na jibu linafanana kabisa na majibu mengine. Ndiyo maana hakukuwa na pengo. Makaburi mengine hayakuwemo kabisa kwenye karatasi ya nyapara, na ndugu zao tumewatumia mahali pa watu wengine.

Nilimweleza Bosi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nimemwambia mtu. Nikasema bado. Akasema, "Kijana, mtu akishapata pahali pa kulilia, usimnyang'anye." Hakulisema kwa ubaya. Halafu akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Ya mama nitaangalia wiki ijayo. Usije mwezi huu, mama. Mvua ni kubwa na njia ya makaburini haipitiki.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Wa hapa wazima.

Barua yako imefika leo. Nimemsikitikia huyo dereva, na hao wengine zaidi. Lakini nimeona umeandika mambo ya printa, ya feni, ya mwenye nyumba, na ya mama yako umeyaweka mwisho, mstari mmoja, kama mtu anayemalizia kwa salamu za paka.

Kwa nini wiki ijayo? Faili si liko mbele yako? Namba yake unaijua, 417. Inachukua muda gani kuangalia namba moja?

Nakuja. Tiketi nimeshakata, nitaondoka huku tarehe ishirini na saba. Tope halijawahi kunizuia. Nikilala kwako siku mbili itatosha. Barua hii nampa kondakta wa basi akuletee, posta itachelewa. Kama kuna neno, niambie kabla sijapanda basi.

Mama yako mdogo


22 Aprili

Mama,

Sina habari za nyumbani za kukupa. Mvua imekatika.

Nilikudanganya. Nilisema nitamwangalia mama wiki ijayo. Nilikuwa nimeshamwangalia siku ileile dereva alipokuja, kabla hata hajafika getini akitoka. Niliongeza lile neno la nne kwenye fomula, nikaiburuta tena kutoka juu hadi chini. Safari hii mapengo yalikuwepo. Pasipo na jibu kompyuta huweka alama yake, maana yake ni kwamba haipo. Nilishuka moja kwa moja hadi 417. Haipo.

Nilikaa nikaitazama alama ile. Nilisubiri nijisikie vibaya. Sikujisikia chochote. Nilikwenda kunywa chai na wenzangu, nikacheka waliposema jambo la kuchekesha, na ilikuwa kweli inachekesha.

Kesho yake nilimtafuta nyapara. Nikamtajia namba. Akasema, "Hizo za ukingoni, upande wa mfereji? Sisi tulichimba penye kibao. Vile vya ukingoni vilikuwa vimeshaanguka, na tulipofika greda lilikuwa limeshapita." Nikamuuliza kwa nini hakuandika hivyo. Akasema, "Karatasi mliyonipa haikuwa na sehemu ya kuandika tuliowaacha."

Kwa hiyo mama hakuhamishwa. Yuko palepale, na barabara iko juu yake.

Mstari wa tisa, nafasi ya ishirini na mbili, ni mke wa yule dereva. Alikuwa kaburi namba 415. Baba wa hao waliokuwa wanalia alikuwa 416, naye hakuhamishwa. Mama ni 417. Fomula iliwatafuta hawa wawili, ikakosa, ikarudi nyuma mpaka 415. Ulisema ni mshenga. Hakumkuta aliyetumwa kwake, akaleta jibu la nyumba ya jirani, nami nikalipiga muhuri.

Sijawajibu watu wa 416. Sijamwambia dereva. Mkataba unaisha mwezi wa sita na Bosi ameniambia faili hilo limefungwa.

Labda barua hii itakukuta kabla hujaondoka.

Mwanao


11 Mei

Wewe,

Nimefika leo salama, baada ya wiki moja kwa wifi yangu njiani. Baba yako mdogo mzima, mdogo wako mzima. Hizo ndizo salamu.

Barua yako ilikuwa mezani. Mdogo wako ameiwekea kikombe juu isipeperuke. Nimeisoma sijavua viatu.

Tarehe ishirini na mbili uliandika, na ishirini na saba napanda basi. Posta inachukua wiki mbili. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia. Na namba yangu ya simu umeibandika ukutani juu ya kitanda, kwa maandishi makubwa. Nimelala chini ya hiyo namba siku zote mbili nilizokuwa kwako.

Nimekaa nakumbuka kila kitu. Ulinipokea stendi. Ulimnyang'anya mbeba mizigo jiwe, ukalibeba begani mwenyewe mpaka makaburini, na nilipokuambia tupokezane ulisema si zito. Ulikwenda kuazima jembe kwa mlinzi. Ulichimba, ukalisimamisha, ukarudi nyuma ukaangalia kama limenyooka. Ukarudi tena ukaangalia mara ya pili. Mimi nikasema moyoni, huyu ndiye Hakikisha wangu.

Halafu nikapiga magoti nikaongea naye. Ulinisikia. Nilimweleza mambo ya nyumba yangu ambayo sijamwambia mtu. Siri zangu zote sasa anazo mke wa dereva. Nikamwambia, dada, mwanao huyu hapa, amesoma, ana kazi, ndiye aliyekutafutia mahali. Nawe umesimama pale umeshika jembe.

Uso wako ulikuwa mkavu. Nilidhani ni huzuni. Nikasema, mtoto amemkumbuka mama yake, nimwache.

Sina hasira na kompyuta. Hata cherehani yangu hushona kile nilichokiweka chini ya sindano, nikiweka kidole inashona kidole. Hasira yangu ni ya lile jembe.

Nataka hivi. Ondoa jiwe langu juu ya mke wa watu. Umwambie mwenyewe, uso kwa uso, usimwandikie. Hao wengine nao uwaambie.

Na unijibu swali moja. Usiniandikie pole, nimeshajipa. Usiniandikie kwamba yuko chini ya barabara. Barabara ni ndefu. Niandikie ni wapi.


30 Juni

Mama,

Nakuamkia, na wote hapo. Natumaini mguu unaendelea vizuri. Paa limezibwa. Mkataba wangu umeisha leo na haukuongezwa. Bosi alinipa mkono, akasema nikihitaji barua ya utambulisho nimwambie. Nimerudisha ufunguo wa droo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niwe na cha kujibu.

Nilikwenda kwa dereva Jumamosi asubuhi. Anakaa nyuma ya gereji, chumba kimoja na baraza. Nilimkuta anakaza miguu ya kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilianza na mkewe, kwamba yeye yupo kweli, pale pale, hajakosewa. Halafu nikamweleza waliobaki. Halafu nikamweleza jiwe.

Akasema, "Kumbe jiwe ni lenu? Mimi nilijua ni manispaa wameniletea. Nimekuwa naliosha."

"Limeandikwa dada na mama, mzee."

"Nimeona. Nikasema sawa, alikuwa na wadogo zake. Na watoto alizaa." Akaendelea kukaza kiti. "Mimi huwa namwita mama watoto. Nikasema hawa watu wa ofisini wamejuaje?"

Alikwenda nami makaburini. Nililing'oa peke yangu, lakini kulinyanyua alinisaidia. Aliposhika upande wake aliniambia, "Zunguka huku, usimkanyage." Nikazunguka. Aliniuliza jiwe ninalipeleka wapi. Nikamwambia chumbani kwangu kwa sasa. Akatazama lile shimo dogo lililobaki, akalijaza udongo kwa kiatu chake, akaniambia niende, yeye atakaa kidogo.

Nilimwambia Bosi kwamba nataka kuchapa barua za marekebisho kwa wote ambao hawapo. Akaniuliza, "Ukimwambia mtu ndugu yake yuko chini ya lami, unampa nini?"

Nikasema sijui.

"Basi usimpe."

"Mama yangu mzazi ni mmoja wao, Bosi."

Alifungua droo yake, akaifunga. Kisha akasema printa ni ya ofisi. Kwa hiyo nimeziandika kwa mkono, moja moja, kwa jina langu, bila muhuri. Wa hapa mjini niliwapelekea mwenyewe, wa mbali nikawatumia. Walikuwa wachache kuliko nilivyoogopa na wengi kuliko nilivyotaka. Wengine walinitukana. Watoto wa 416 walinifungia mlango, halafu mmoja akatoka nyuma yangu akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ndiyo. Mama mmoja anayeuza vitambaa aliisoma barua mbele yangu, akaikunja akasema, "Nilijua. Nilikuwa naenda pale nakaa tu. Sikumsikia." Akanipa kiti. Nilikaa.

Bado sijisikii sana, mama. Nafanya jambo, nikimaliza nafanya lingine. Naandika hivi kwa sababu ulitaka niwe nasema kitu.

Sasa swali lako.

Nilimwomba nyapara anipeleke. Mara ya kwanza alikataa, mara ya pili akaja na ramani ya zamani ya makaburi ndani ya mfuko wa plastiki. Tulianzia kwenye daraja dogo la mfereji, kwa sababu halikusogezwa. Lilikuwepo tangu zamani na liko kwenye ramani. Kutoka pale tulipima kwa kamba yake. Aliposimama nilimwambia apime tena. Alilalamika, lakini alipima, na tukafika palepale.

Ukishuka kituo cha kwanza baada ya daraja, unarudi nyuma kwa miguu, njia ya kuingia mjini, upande wa kushoto. Kuna nguzo za taa. Yuko kati ya nguzo ya pili na ya tatu, karibu zaidi na ya tatu. Si katikati ya barabara. Yuko pembeni, pale lami inapoishia, kichwa kikiwa upande wa mfereji. Nilimuuliza nyapara hilo mara mbili. Alisema magari makubwa hupita katikati, pembeni hupita baiskeli na wanaotembea kwa miguu.

Jirani yake ni yuleyule aliyemzoea. 416 yuko kulia kwake, na kushoto hakuna mtu, ni udongo mtupu. Maji hayatuami, yanateremka.

Nilibaki baada ya nyapara kuondoka. Nilitaka kumwambia kitu kwa niaba yako, lakini wewe una namna yako ya kuanza na mimi sikujua unaanzaje. Basi lilikuja, nikasogea nyuma. Likapita. Nikarudi pale nilipokuwa, likaja lingine.

Kesho sina kazi, wala kesho kutwa. Ukija nitakupokea. Nimepaangalia vizuri: kati ya lami na mfereji kuna nafasi ya watu wawili kusimama, wakisimama karibu.

Mwanao